SOMO: Jinsi ya kumpelekea utafiti mtu wa fani nyingine mpaka auelewe na autumie

Habari zenu wakuu, lile somo nililoahidi hili hapa, ni refu kidogo, jipeni muda.

Nianze na kwa nini naliona ni la muhimu. Sisi wa Arusha na Moshi tumezungukwa na watafiti kila kona. Tengeru kuna chuo cha Nelson Mandela, Arusha kuna TAWIRI wa wanyamapori, TARI Selian wa mazao, ukienda upande wa Moshi kuna TaCRI Lyamungo wa kahawa, Chuo cha Ushirika, chuo cha wanyamapori Mweka, hospitali ya KCMC na watu wake wa utafiti wa magonjwa. Wote hawa wako kwenye barabara moja ya lami halafu mtu wa maji hajui daktari wa meno kaona nini, na daktari wa meno hajui mtu wa miamba kaandika nini, na wote wanaongelea mtoto huyohuyo wa Meru mwenye meno ya kahawia kwa sababu ya floridi, madini yanayotoka kwenye miamba yakaingia kwenye maji. Hii inaniuma sana. Matokeo yapo, yamelala kwenye majarida, na tukiyafikishiana tunafikishiana linki tupu ambayo hakuna anayeifungua.

Kwaiyo somo ni hili: ukikutana na utafiti mzuri unaupelekaje kwa mtu ambaye sio wa fani yako.

HATUA YA 1. Jua unampelekea nani na atafanya nao nini

Kabla hujafowadi kitu, taja kichwani mwako mtu mmoja. Mkunga, bwana shamba, injinia wa maji, mwalimu wa kemia, yeyote. Jiulize huyu akishajua hili kesho asubuhi atabadilisha nini kazini kwake. Ukikosa jibu basi huo utafiti ni mzuri kwako wewe, mwache mwenzako apumzike. Ukipata jibu, hilo jibu ndo sentensi yako ya kwanza.

HATUA YA 2. Soma utafiti wenyewe, sio habari yake

Kichwa cha habari cha gazeti sio utafiti. Ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa makala) peke yake nayo haitoshi, mwandishi pale anajaribu kukuvuta usome. Kama muda ni mdogo nenda kwenye sehemu ya mbinu uangalie walipima nini, kwa watu wangapi, wapi, halafu ruka mpaka kule mwisho wanapoeleza mapungufu ya kazi yao. Hiyo sehemu ya mapungufu watu wengi wanairuka wakati ndiyo mtu wa fani nyingine anaihitaji kuliko zote, maana yeye hana uzoefu wa kuyaona mwenyewe.

HATUA YA 3. Angalia kama utafiti bado umesimama

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tunapoumizana.

Kuna utafiti unaotoka halafu unafutwa. Mnakumbuka kipindi cha korona, tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilitoa utafiti uliosema haidroksiklorokwini inaongeza vifo kwa wagonjwa, WHO wakasimamisha kwa muda majaribio yao ya hiyo dawa, halafu tarehe 4 Juni ukaondolewa kwa sababu waandishi wenyewe walisema hawawezi kuthibitisha zile data. Hazikufika hata wiki mbili. Sasa fikiria mtu aliyeufowadi tarehe 25 akaenda zake kulala, ule ujumbe bado unatembea mpaka leo. Kwaiyo ingia kwenye ukurasa wa makala yenyewe uone kama kuna alama ya kufutwa au kusahihishwa, pia kuna hifadhidata ya Retraction Watch, orodha ya tafiti zilizofutwa, ambayo tangu 2023 iko chini ya shirika la Crossref na ni bure kwa kila mtu.

Alafu kuna utafiti ambao haujafutwa ila umejibiwa. Mfano ni huu mlima wetu Kilimanjaro. Lonnie Thompson na wenzake walichoronga barafu ya kilele cha Kibo mwaka 2000, wakachapisha 2002 kwenye jarida la Science, wakakadiria kwamba hali ikiendelea vile barafu itaisha kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2004 Georg Kaser na wenzake wakaja na hoja kwamba kinachoila zaidi ile barafu ni ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, sio joto la hewa peke yake. Halafu mwaka 2005 akaja mtu wa mimea kabisa, Andreas Hemp, yeye akaangalia msitu, akaonyesha kwamba moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu na msitu ndio unaonasa maji ya ukungu, kwaiyo kwa habari ya maji ya watu wa chini kupotea kwa msitu ni jambo zito kuliko kupotea kwa barafu.

Mnaona? Wa barafu, wa hewa na wa mimea, mlima mmoja. Mtu aliyeshika ule wa 2002 peke yake atakuja kumwambia mkulima wa Kibosho mfongo wake (mfereji wa maji) utakauka barafu ikiisha, na barafu hadi leo bado ipo juu imepungua sana lakini ipo. Aliyesoma zote tatu atamwambia mkulima alinde msitu na apambane na moto. Ni ushauri tofauti kabisa. Ndo maana nasema kabla hujasambaza fungua Google Scholar (Google ya kutafuta makala za utafiti), bonyeza pale panapoonyesha makala zilizoutaja huo utafiti, tafuta hasa za fani nyingine na zinazopinga.

HATUA YA 4. Andika upya kwa Kiswahili cha mtu wa kazini

Usitafsiri ikisiri neno kwa neno. Andika mambo haya kwa mfuatano: swali lilikua nini, walifanya nini, waliona nini, wapi haifiki, na inamgusa nani. Mistari saba au nane inatosha. Nawapa mfano nilioandika kwa ajili ya wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto:

"Kwa wanaoongea na kina mama kuhusu chakula cha mtoto. Swali: mbona kuna watoto wenye meno ya kahawia hata kwenye vijiji ambavyo maji yake yana floridi kidogo? Watafiti wa meno hapa Tanzania miaka ya 1990 walikagua meno ya watoto kwenye vijiji vya namna hiyo na wakapima magadi yanayotumika jikoni. Wakaona magadi mengine yana floridi nyingi, na kwamba mtoto anaweza kuipata kupitia maharage, makande au kiburu badala ya maji. Mipaka: magadi yanatofautiana sana kutokana na yalikotoka, kwaiyo hatuwezi kusema kila magadi yana kiwango kilekile. Linalowagusa: mkimuuliza mama kuhusu maji anayotumia, muulizeni na magadi."

Basi. Hakuna neno gumu hapo na hakuna lililoongezwa. Angalia pia kwamba sijasema "acheni magadi", utafiti wenyewe ulipoishia na mimi nimeishia palepale. Yule muuguzi anawajua kina mama wake kuliko mimi, mimi nampa taarifa aamue.

Namba ikiwepo mpe na kipimo cha kulinganishia. Ukisema maji yana floridi miligramu 5 kwa lita, mwalimu wa Kiswahili hajui kama hiyo ni nyingi au kidogo. Mwambie kiwango elekezi cha WHO ni miligramu 1.5, hapo hapo ameelewa.

HATUA YA 5. Weka mlango wa kurudi kwenye chanzo

Weka DOI, ile namba inayoanza na 10, maana linki za kawaida zinakufa ila DOI inamfikisha mtu kwenye makala hata jarida likihama saiti. Weka mwaka. Usitume skrinishoti ya jedwali bila chanzo. Na kama makala ni ya kulipia tuma DOI na maelezo yako, usisambaze faili zima. Ikiwa na leseni ya Creative Commons ya CC BY hapo sambaza bila wasiwasi mradi umtaje mwandishi.

HATUA YA 6. Subiri maswali na yarudishe kwa mtafiti

Hii fupi lakini wengi hawafanyi. Mtu wa fani nyingine anauliza maswali ambayo mtafiti mwenyewe hakuyawaza, yaandike, mtumie mwandishi kwa imeili, anwani yake huwa ipo kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Watafiti wengi wanajibu na wanafurahi kweli kusikia kazi yao imesomwa na mkunga wa Marangu.

Maswali sasa.

MASWALI YA WANACHAMA

Nesi, Moshi Mjini: Asante mwalimu kwa somo. Mimi kila nikifungua makala naambiwa nilipie dola, sina hizo. Nafanyaje?

Jibu: Pole dada. Anzia kwenye kichwa cha makala, kiweke Google Scholar ubonyeze kuona matoleo yote, mara nyingi kuna nakala huru imewekwa na chuo cha mwandishi. Kuna pia Unpaywall, unaiweka kwenye kivinjari inakuonyesha yenyewe kama nakala ya bure ipo. Halafu muulize mkutubi wa hospitali yenu kuhusu Research4Life, taasisi za Tanzania zinastahili kuingia bure na ndani yake kuna Hinari ambayo ni ya afya. Kwa majarida ya Afrika nenda AJOL. Yote yakishindikana muandikie mwandishi umuombe nakala, inaruhusiwa kabisa.

Mwalimu wa fizikia, Sakina: Mkuu, mimi nina diploma tu, hivi kweli naweza kuleta kitu kwa maprofesa wakanisikiliza?

Jibu: Mwalimu, unafundisha fizikia na unaniuliza hivo wakati Mpemba ni wetu! Erasto Mpemba mwaka 1963 alikua mwanafunzi tu Magamba sekondari, akaona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto umeganda kabla ya uliopoa, mwalimu akamwambia umekosea. Baadae akamuuliza Profesa Denis Osborne alipotembelea shule yao Mkwawa, Osborne akaenda kupima, na 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education, wakati huo Mpemba yuko hapa Mweka anasomea wanyamapori. Mtu wa wanyamapori kwenye jarida la fizikia. Ila ukiwaeleza wanafunzi wako wape na upande wa pili, 2016 Burridge na Linden walirudia vipimo wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba inatokea. Mjadala uko wazi, na friza la shule linatosha kuuanzisha darasani.

Mama wa Usa River: Mimi sio msomi ila nimeelewa. Sasa haya maji ya floridi nikiyachemsha si yanakua salama?

Jibu: Hapana mama yangu, na umefanya vizuri kuuliza. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi haiondoki, tena maji yakipungua kwa mvuke inazidi kidogo kwa kila lita iliyobaki. Njia iliyofanyiwa kazi sana huku kwetu, kwenye kituo cha Ngurdoto, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule unainasa floridi, na unatakiwa ubadilishwe ukishachoka. Kama una wadogo ndani zingatia zaidi maji yao ya kunywa na kupikia, kwa sababu meno yanaharibika wakati yanapotengenezwa ndani ya fizi, kabla hayajatoka. Maji ya mvua yakivunwa vizuri na kutunzwa safi hayana shida ya floridi.

Mwanafunzi wa uzamili, Tengeru: Nina matokeo yangu mapya ya kichujio, natamani niyashee hata leo lakini naogopa kuibiwa na naogopa jarida litakataa.

Jibu: Hongera kwanza. Kuhusu wizi, ukiweka priprinti (makala iliyowekwa mtandaoni kabla ya jarida kuipitia) inapata tarehe na DOI kwaiyo inakua ushahidi wako kwamba ulitangulia, watu wa fizikia wanafanya hivo kwenye tovuti ya arXiv tangu 1991, na data zako unaweza kuziweka kwenye hifadhi ya Zenodo bure. Majarida mengi siku hizi hayakatai priprinti ila soma sera ya jarida lako kwanza. LAKINI kwako kuna jambo kubwa zaidi, kama kichujio ni uvumbuzi unaotaka kuuombea hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) usitoe chochote hadharani kabla ya kupeleka maombi, ukishatangaza unaweza kupoteza sifa ya upya. Ongea na msimamizi wako na BRELA, wale wanaosajili hataza, kwanza. Na kama kuna watu uliochukua maji majumbani kwao, hakikisha majina na sehemu wanazokaa hayaonekani popote kwenye data.

Bwana shamba, Machame: Nimepokea imeili ya jarida linasema watachapisha makala yangu ndani ya siku tatu nikilipa. Ni kweli?

Jibu: Kaka usilipe. Siku tatu hakuna mtu wa maana anayeweza kuisoma na kuikosoa kazi yako. Angalia kama jarida limo DOAJ (orodha ya majarida huru) au AJOL, tafuta jina la mhariri kwenye saiti ya chuo chake uone kama yeye mwenyewe analitaja hilo jarida, na soma makala zao mbili tatu za mwaka huu. Na kama kazi yako ni ya kahawa, kabla ya jarida lolote, pita Lyamungo uongee na watu wa TaCRI.

Mdau, Njiro: Je naweza kuipa akili bandia makala ikanifupishia kwa Kiswahili halafu nikasambaza?

Jibu: Kama umeisoma mwenyewe na utalinganisha kila namba, sawa. Usipoisoma usisambaze. Hizi programu zinaweza kubadilisha kipimo au kutunga kabisa chanzo ambacho hakipo, ndio maana DOI lazima uifungue uone inafikia makala uliyoitaja. Kwa mambo ya dawa na dozi mimi siitumii kabisa, nakaa na makala mpaka niielewe, na nisipoielewa naipeleka kwa mfamasia anisomee.