Namna ya Kwenda kwa Gari kutoka Lubumbashi hadi Ziwa Tshangalele na Bwawa la Mwadingusha

Mkaaji wa Lubumbashi anayetamani kuona maji mengi katikati ya nyika iliyokauka hahitaji kwenda mbali. Barabara ya taifa namba 1, yenye takriban kilomita 120 hadi Likasi, humsogeza karibu na mto Lufira, ambao ulizibwa huko Mwadingusha mnamo 1930, maji yake yakatandaa na kuwa ziwa Tshangalele.

Safiri Mei au Juni, kwa maana mvua imekwisha, njia za udongo zimekauka, na ziwa halijapungua sana. Ifikapo Septemba, ziwa hilo lisilo na kina kirefu hurudi nyuma, na moshi wa nyika inayochomwa hufunika vilima.

Ondoka alfajiri, kabla malori ya madini hayajajaa barabarani. Kagua upepo wa gurudumu la akiba, jaza tangi mjini, na uweke karibu noti ndogo za kulipia peaji, yaani ushuru wa barabara. Lori linapotimua vumbi, baki nyuma hadi uione njia yote iliyo mbele.

Usikimbilie bwawani. Pitia kwanza Kapolowe, kando ya ziwa, kabla ya Likasi, uwahi mitumbwi ya asubuhi. Samaki wanaovuliwa humo huuzwa katika masoko ya Likasi na Lubumbashi. Ukiwanunua, tazama matamvua, ambayo yanapaswa kuwa mekundu, na ubonyeze nyama kwa kidole: ikibaki na shimo, samaki huyo amelala. Pale ukingoni, penye mafunjo na ndege wa majini, ndipo ningekushauri utumie muda mwingi zaidi.

Mwadingusha ni mali ya SNEL, shirika la umeme la taifa la Kongo, kwa hiyo omba ruhusa mapema, na usipige picha kabla ya kuipata. Huko utaelewa kwa nini wajenzi walipachagua: maji yaliyotulia juu ya uwanda hushushwa ghafla kwenye genge lenye urefu wa zaidi ya mita 100, yakizungusha mitambo. Chini zaidi, huko Koni, kituo kilichojengwa 1950 huyatumia maji yaleyale kwa mara ya pili.

Rudi Likasi kabla ya saa kumi na mbili jioni ulale huko, kwa kuwa malori yaliyoharibika huachwa barabarani bila taa.