Kutenganisha serpentini na mawe ya chokaa katika milima ya Oman kwa picha za EMIT

Milima ya Hajar ni mahali pazuri pa kujifunzia. Mimea ni haba, na ofioliti ya Samail, kipande cha sakafu ya bahari ya kale kilichosukumwa juu ya nchi kavu na chenye serpentini (madini ya kijani), iko wazi ikipakana na mawe ya chokaa ya Jabal Akhdar.

Hatua ya 1. Fungua akaunti ya bure ya Earthdata ya NASA, upakue picha isiyo na mawingu ya EMIT, kifaa cha NASA kinachopima mwanga unaoakisiwa na ardhi, ya daraja la L2A (iliyokwisha kuondolewa athari za hewa). Kifaa hiki kilifungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2022. Kina bendi 285, yaani vipande vyembamba vya urefu wa wimbi la mwanga, na kila pikseli ni mita 60.

Hatua ya 2. Tupa bendi zilizo karibu na nanomita 1400 na 1900. Mvuke wa maji angani umemeza mwanga wake, na kilichobaki humo ni kelele tu.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Wengi huipa programu bendi zote ilinganishe na maktaba ya spektra (michoro ya mwanga unaoakisiwa na kila madini) ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani. Nami nilifanya hivyo, nikapata jabali zima la chokaa limepakwa rangi ya serpentini! Sababu ni kwamba bonde la serpentini, yaani mahali mchoro wake unaposhuka kwa kuwa madini yamemeza mwanga, liko karibu na nanomita 2320; la dolomaiti papo hapo, na la kalsaiti 2340 (hizi mbili ni madini ya mawe ya chokaa). Bendi za EMIT zimepishana nanomita 7 na ushei, kwa hiyo kalsaiti iko bendi tatu hivi tu mbele. Tofauti ndogo kiasi hicho humezwa ukilinganisha mchoro mzima. Kata kipande cha 2050 hadi 2400 pekee. Kisha waza kamba iliyovutwa juu ya vilele vya mchoro, na ugawe kila thamani kwa kimo cha kamba mahali hapo. Mabonde yatabaki peke yake.

Hatua ya 4. Tafuta bonde dogo karibu na 2120. Serpentini inalo, dolomaiti haina. Likiwa hafifu, bofya pikseli za jirani kabla ya kuamua.

Hatua ya 5. Sasa linganisha na maktaba, kwa kipande hicho hicho.

Hatua ya 6. Nenda wadini (bonde la mto mkavu) na chupa ya asidi hafifu ya haidrokloriki. Kalsaiti hutoka povu mara moja, dolomaiti hadi uikwaruze iwe unga, serpentini kimya. Ila chunguza mishipa myeupe: serpentini ya huku mara nyingi ina mishipa ya kaboneti (kundi la kalsaiti na dolomaiti), na pikseli moja hubeba vyote viwili.