Kufuta rekodi na tebo kwenye databesi kwa Python, na WHERE isikuponyoke

Tuseme una databesi ya SQLite ya duka, faili linaitwa duka.db, ndani kuna tebo ya wateja na tebo ya madeni, sasa mteja namba 7 kashamaliza deni lake unataka kumtoa. Kabla hujagusa kitu funga programu yako ukopi hilo faili uliweke pembeni, SQLite databesi nzima ni faili moja tu kwahiyo bekapu ndo hiyo.

Alafu usikimbilie DELETE (amri ya kufuta). Anza na SELECT (amri ya kuonyesha tu) yenye WHERE (sharti la rekodi zipi ziguswe) ileile utakayofutia uone inaleta nani, ikileta watu 40 na we unamtafuta mmoja ujue kuna kitu umekosea. Mi niliwahi kuisahau WHERE kabisa, nikaandika DELETE FROM madeni nikabonyeza enta, madeni ya miezi mitatu yote yakaenda, wadaiwa wangejua wangenichinjia mbuzi.

Ukiridhika (rowcount ni idadi ya rekodi zilizofutwa, commit inahifadhi mabadiliko, rollback inayarudisha nyuma):

import sqlite3
con = sqlite3.connect("duka.db")
con.execute("PRAGMA foreign_keys = ON")
cur = con.execute("DELETE FROM wateja WHERE id = ?", (7,))
if cur.rowcount == 1:
    con.commit()
else:
    con.rollback()

Hiyo koma baada ya 7 usiitoe, bila koma Python haioni tuple (kifurushi cha thamani kwenye mabano) inaona namba tu na itagoma. Na usiunganishe namba au jina ndani ya kwaeri (ile amri ya SQL) kwa +, tumia ? kama nafasi ya kujazwa, maana mtu akikuandikia upuuzi kwenye fomu anaweza kukufutia kila kitu. Ukisahau commit() unafunga programu unafungua tena unamkuta mteja yupo palepale anakuangalia. Ile PRAGMA (amri ya kubadili mpangilio wa SQLite) ni kwasababu SQLite kwa kawaida haijali foreign key (kiungo cha rekodi ya tebo moja na ya nyingine) mpaka uiambie, tena kila ukiunganisha upya, ukishaiwasha mteja mwenye rekodi kule kwenye madeni hafutiki, itabidi ufute za madeni kwanza (kama tebo uliitengeneza na REFERENCES, neno linalotangaza hicho kiungo, lakini).

Tebo nzima inaondoka na con.execute("DROP TABLE IF EXISTS majaribio"), jina la tebo hapo ? haikubali. TRUNCATE (amri ya kumwaga rekodi zote za tebo) SQLite haina, ukitaka tebo ibaki ila tupu ni DELETE bila WHERE, safari hii kwa makusudi. Walio kwenye MySQL muwe makini zaidi, kule DROP na TRUNCATE zinajikomiti zenyewe, rollback haikuokoi.

Ukiona faili halijapungua ukubwa hata baada ya kufuta usishangae, nafasi imewekwa akiba ya rekodi mpya, piga con.execute("VACUUM") ila commit kwanza, katikati ya transaksheni (mabadiliko ambayo hujayakomiti bado) inakataa.