Kapeti ya nyumba ya kupanga ikibadilika rangi, usikimbilie Jik

Ntaanza na aibu yangu mwenyewe. Nyumba niliyokuwa nimepanga hapa Malindi, upande wa Shella, chumba cha kulala kilikuwa na kapeti ya kahawia imebandikwa sakafu nzima, siku moja nkamwaga chai ya maziwa, doa lenyewe halizidi kisahani, na mimi bila kufikiri nkachukua Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nkamimina nkasugua na brashi. Chai ilitoka, siwezi kudanganya. Ila rangi ya kapeti ikatoka nayo, nkabaki na duara la chungwa katikati ya chumba, na siku ya kuhama mwenye nyumba akalipiga picha kabla hata hatujasalimiana vizuri. Depoziti sikuiona tena.

Kwa hivo kabla hujashika sabuni jiulize, hapa rangi imeongezeka ama imeondoka? Ikiwa imeongezeka, yaani chai, mchuzi, udongo mwekundu, kutu, kuna la kufanya. Ikiwa imeondoka, jua limeila ama dawa imeila, hakuna sabuni ya kuirudisha, utasugua mpaka nyuzi zisimame kama nywele za mtu aliyetoka usingizini na rangi ni ileile. Kujua si kazi, lowesha kitambaa cheupe na maji ya vuguvugu, kikamue, kikandamize pale kama dakika moja. Kikichukua uchafu, osha. Kikibaki cheupe na pale pamepauka kuliko pembeni, sogeza kitanda ama kabati uangalie chini yake, manake huko ndiko rangi ya asili imejificha. Nyumba zetu hizi zenye madirisha ya kuangalia bahari zinapigwa na jua la asubuhi, msimu wote wa kaskazi, na ukanda wa kapeti mbele ya dirisha ndio unaofifia kwanza. Hilo si kosa lako, ni kuchakaa kwa kawaida, na ndivyo utakavyomwambia mwenye nyumba.

Sasa madoa. Kanuni ni kukandamiza, si kusugua, na anza pembeni uingie katikati usije ukalitandaza. Tone la sabuni ya vyombo kwenye maji ya vuguvugu linatosha kwa mengi. Mchuzi wa nazi una mafuta na una manjano, mafuta yatatoka na sabuni, ule unjano utabaki unakuchekea, usihangaike nao sana, kama ni zulia la kubebeka litoe nje juani siku mbili tatu, manjano hayavumilii jua. Kama imebandikwa, jaribu haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, lakini weka tone kwanza mahali pamejificha, nyuma ya mlango hivi, usubiri, manake nayo inaweza kula rangi. Kutu ya miguu ya kitanda cha chuma (na hewa yetu ya chumvi, chuma hakichelewi) ni ndimu na chumvi kidogo, acha kiasi halafu suuza. Jik kwenye kutu ndio inaikaza kabisa. Na tafadhali usichanganye Jik na siki wala ndimu, inatoa gesi ya klorini ya kuchoma mapafu, sasa chumba kimefungwa na wewe umeinama pua iko juu yake.

Hina na piko (ile rangi nyeusi ya kujipamba), pole. Kama harusi imepita nyumbani kwako na hina imedondoka ikakauka, kwangua iliyo juu na kijiko, loweshea sabuni, utapunguza tu. Chetezo cha kufukizia udi nacho, cheche ya kaa ikianguka huo weusi unaouona si doa, ni uzi umeungua ama umeyeyuka, kata vile vichwa vilivyoungua na mkasi mdogo. Chetezo kiwekwe juu ya sinia, siku zote, hata kama bibi anasema hakijawahi kumdondoshea kaa.

Kosa lingine kubwa ni maji mengi. Unamwaga ndoo nzima, juu panakauka, kesho unaamka doa limerudi na limekuwa pana, ni uchafu wa chini umepanda na maji kwenye nyuzi. Tumia maji kidogo, ukimaliza weka taulo kavu juu na kitu kizito, liache usiku kucha livute. Suuza ya mwisho iwe maji ya mfereji, si ya kisima, visima vingi hapa ni vya chumvi na chumvi ikibaki inavuta unyevu. Na ukiweza usifanye kazi hii mwezi wa tano, mvua hiyo, kapeti haikauki inaanza kunuka.

Kama weusi unatokea pembeni mwa ukuta na kuna harufu ya uvundo, huenda shida iko chini. Fungua kona ikiwa haina gundi, bandika kipande cha nailoni safi kwenye saruji na selotepu pande zote nne, ngoja siku moja. Ukikuta matone chini ya nailoni, sakafu inatoa maji na hilo ni la mwenye nyumba, wewe usioshe kitu, mpigie.

Haya, na pale rangi imeondoka kabisa? Kata uzi mmoja mahali pamejificha, uloweshe kwa maji na tone la sabuni ukiukamua hewa itoke, utie kwenye glasi. Ukielea basi ni polipropilini, aina ya plastiki, na rangi ya nguo ya kuchemsha haitaushika, usipoteze pesa. Ukizama inaweza kuwa uzi wa nailoni ama sufu ya kondoo, hizo zinakubali rangi, ila aipake fundi. Njia ninayoiamini mimi ni kiraka, unakata palipoharibika, halafu unakata kipande sawa sakafuni mwa kabati la ukutani ambako hakuna mtu anaangalia, unakitia palipoharibika, nyuzi zielekee upande mmoja na za jirani zake, gundi, umemaliza. Lakini mwombe mwenye nyumba kwanza kwa meseji, asije akahesabu mashimo mawili.

Na siku unapoingia nyumba mpya, kabla hata ya kupanga vitu, piga picha kapeti yote, kila kona, halafu mtumie mwenye nyumba na keateka (msimamizi wa nyumba) kwa WhatsApp siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Mimi nlipiga picha za dirisha na bahari tu.