Kabla tingatinga halijaingia: namna ya kuwaachia wanyama nafasi kwenye eneo linalojengwa

Watu wengi huanza kupiga kelele wakishaona tingatinga, na hapo mmechelewa, mchoro wa viwanja umeshapitishwa na viwanja vingine vimeshauzwa. Mambo yote yanaamuliwa kwenye mchoro, hasa nini kinachorwa kwanza.

Kawaida inaanza barabara, vinakatwa viwanja, alafu kile kipande kibovu kisichouzika ndo kinaitwa eneo la wazi. Pindua hiyo order. Mpangaji mmoja wa Marekani, Randall Arendt, anaifundisha kwa hatua nne: chora kwanza sehemu zisizoguswa, kisha weka nyumba, kisha barabara na njia za miguu, mipaka ya viwanja iwe ya mwisho kabisa.

Hizo sehemu zisizoguswa huzioni ukiwa ofisini. Tembea eneo lote, nenda alfajiri, rudi tena baada ya mvua, angalia maji yanapita wapi na dimbwi gani linajaa (hata kama kiangazi linakauka, vyura wanazalia hapo), miti mizee yenye mashimo, hata uliokufa uache kama hautamwangukia mtu maana ndege na popo wanalala humo, alafu fuata njia za wanyama uone zinatokea wapi ng'ambo ya mpaka. Hili la ushoroba, yaani njia inayowavusha wanyama kutoka pori moja hadi jingine, ndo linasahaulika kuliko yote. Vipande vidogo vitano vilivyotawanyika havifikii kimoja kikubwa kilichoungana na pori la jirani, kwa sababu pembezoni ndo kunaingia jua kali, upepo, magugu, mbwa na paka, na kipande kikiwa kidogo sana basi chote ni pembezoni.

Developa atauliza hela, ni haki yake. Piga nae hesabu: ekari 40, nyumba 20, kila moja ekari 2, ardhi imeisha. Nyumba hizo hizo 20 kwa nusu ekari zinakula 10 tu, ukitoa za barabara bado kuna pori la maana, na barabara na mabomba yanakuwa mafupi so gharama inashuka. Ila kama kanuni za eneo lenu zinalazimisha viwanja vikubwa, anzeni na kanuni kwanza, la sivyo mnapoteza muda.

Ahadi ya mdomo msiikubali. Zuio la kujenga lisajiliwe kwenye hati ya ardhi ili limbane na mnunuzi anayefuata, na iandikwe nani anatunza na kwa hela gani.

Ujenzi ukianza, zungushia miti uzio mpaka matawi yanapoishia, usiruhusu lori kupaki wala mchanga kumwagwa humo, udongo ukishindiliwa mizizi inakosa hewa na mti unaweza kufa miaka kadhaa baadae, wakati mkandarasi kashaondoka zamani. Msifyeke msimu ndege wanataga. Taa zielekee chini, na fensi za nyumba ziachwe uwazi kwa chini wanyama wadogo wapite.