Bolti za draivi shafti: soma kichwa, hesabu thredi, pima urefu

Draivi shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi gurudumu, mara nyingi huuzwa mpya bila bolti. Kabla ya kushuka soko la Kibuye, Kisumu, kuzitafuta, jua gari lako limefungwaje. Kwenye Probox, ncha ya ndani huchomekwa tu katika gia boksi, kwa hiyo unachohitaji ni nati mpya ya habu, kitovu cha gurudumu. Ile ya zamani ukingo wake ulishagongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, usiirudishe. Volkswagen nyingi hufungwa kwa bolti sita kwenye flenji (sahani ya chuma yenye matundu ya bolti), na kazi iko hapo.

Nenda na bolti ya zamani mkononi. Ukisema "nipe namba 13" umetaja spana, hujataja bolti: M8 moja (bolti ya unene wa milimita 8) hushikwa na spana 13, nyingine 12.

Soma kichwa. Ikiandikwa 10.9, yaani daraja la nguvu, chuma hicho huvumilia megapaskali 1,000 hivi kabla ya kukatika. Bolti isiyo na namba iache mezani, hata ikimetameta. Njano au nyeusi ni rangi tu. Wala usipande hadi 12.9 ukidhani umeongeza nguvu, maana chuma kigumu zaidi hukatika ghafla. Rudisha daraja lilelile.

Thredi ndizo hudanganya. M10 ya 1.25 na M10 ya 1.5 (milimita kutoka thredi moja hadi nyingine) ni kama pacha. Laza ya zamani juu ya mpya, thredi ndani ya thredi, uziinue kwenye mwanga. Zikilingana, mwanga haupiti. Zisipolingana, utaona mwanya unaoanza mwembamba na kupanuka. Au hesabu: katika milimita 15, ya 1.25 ina thredi 12, ya 1.5 ina 10. Ukilazimisha isiyofaa itaingia mizunguko miwili mitatu, kisha ianze kula flenji, ambayo ni ghali kuliko bolti zote sita.

Urefu hupimwa kuanzia chini ya kichwa. Ikizidi milimita chache inaweza kugota mwisho wa tundu: spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, italia kwamba imekaza, na shafti bado inacheza. Vile vibati vinavyounganisha bolti mbilimbili navyo virudi. Bolti zinazokazwa kwa toki halafu kuzungushwa digrii kadhaa zaidi huwa zimevutika tayari, kwa hiyo nunua mpya.

Wakati wa kufunga, futa grisi yote kwenye nyuso mbili za flenji. Nguvu ya injini hubebwa na msuguano wa nyuso zilizobanwa. Zikiteleza, bolti hukatwa kama kwa mkasi. Chokonoa uchafu ndani ya kichwa cha nyota ya pembe 12, la sivyo biti itaruka na kula pembe. Kaza kwa kupishana, upande huu kisha wa pili. Volkswagen nyingi ni Nm 40 (nyutoni-mita, kipimo cha toki) kwa M8 na Nm 70 kwa M10, ila fuata kitabu cha modeli yako.

Chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi flenji. Ukienda Kakamega na kurudi Kisumu, chungulia chini: mstari uliovunjika ni bolti iliyolegea.