Mtoto wa titi na kikombe cha kahawa

Chupa ya kunyonyea niliinunua kabla sijajifungua, ya rangi ya samawati, na mpaka leo iko kabatini. Imetumika mara mbili tu. Bwana mdogo aliionja, akaitema, akalia kama aliyeumwa na nyuki. Nami nilikuwa nimebakiza siku 16 nirudi darasani. Likizo ya uzazi ni siku 84, mwenye mapacha 100, na yangu ilianza kuhesabiwa kabla sijajifungua, kwa hiyo mtoto alikuwa na miezi miwili na kitu. Maji hapewi, uji hapewi, mpaka afikishe miezi 6. Maziwa ninayo, ya kumwagika. Yatamfikiaje nikiwa nafundisha hesabu darasa la nne?

Kliniki muuguzi akaniambia, "Mama, achana na chupa. Mpe kwa kikombe." Nikadhani ananitania. Mtoto ambaye shingo yenyewe bado inayumba! Kumbe hata watoto njiti wodini hunyweshwa kwa kikombe. Chupa ina chuchu, ina vikona ambavyo maziwa hujificha na kuganda, na kuisafisha ni kazi. Kikombe kiko wazi, unaona mpaka chini. Tena mtoto hazoei chuchu nyingine ikamfanya alikatae titi. Hilo la mwisho ndilo lililomfurahisha bimkubwa wangu, kwa sababu tangu mwanzo alikuwa akinisema: "Ukimzoesha mpira huo, usinililie."

Kikombe gani? Mimi nilijaribu glasi, ikawa nzito na pana, ikamziba uso mzima. Vile vyenye mdomo kama wa birika navyo sikuvipenda, mtoto hufyonza kama kwenye chupa badala ya kujifunza kunywa. Mwisho nikachukua kikombe cha kahawa cha babu yake. Sisi tunakaa Ngamiani, hapa Tanga, na nyumba isiyo na vikombe vya kahawa ni ya mgeni. Ni kidogo, hakina mkono, ukingo wake ni laini na unatosha mdomo wa mtoto. Angalia tu kisiwe na ufa wala pengo. Kama huna, kikombe kidogo cha plastiki kisicho na mikunjo kinafaa, hata kile kinachokuja na dawa ya maji, ila hicho utakijaza mara nyingi. Kioshe kwa sabuni na maji ya moto, kichemshe, kikauke chenyewe bila kufutwa na kitambaa.

Sasa nieleze nilivyokosea, maana hapo ndipo wengi tunapokosea. Siku ya kwanza nilimlaza mkononi kama ninayemnyonyesha, nikamimina. Akapaliwa. Macho yakamtoka, maziwa yakapitia puani, na mimi nikalia kuliko yeye. Bimkubwa alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakusema neno, aliweka ungo chini, akaja akamchukua.

Mtoto hamiminiwi. Anakunywa mwenyewe. Wengi tumekua tukiona watoto wakinyweshwa uji kwa kiganja, kichwa kimelazwa, na mkono wetu umezoea kusukuma. Kwa kikombe, mkono wako kazi yake ni kukaa pale na kungoja.

Inakwenda hivi. Kwanza wakati. Asiwe na usingizi, na asiwe ameshikwa na njaa ya kulia, kwa sababu mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza. Mimi niliona saa moja na nusu hivi baada ya kunyonya inafaa, anapoanza kutafuna vidole. Mkalishe mapajani, mgongo wima, kichwa na shingo umevishika kwa mkono mmoja. Mikono yake mfunge kwa kanga, si kwa kumbana, ila isije ikapiga kikombe. Kanga nyingine iwe chini ya kidevu.

Kikombe usikitie kidogo ukidhani unapunguza hatari. Kikiwa na maziwa machache, utalazimika kukiinua sana, yakija yanakuja kwa kishindo. Jaza nusu au zaidi kidogo. Egesha ukingo juu ya mdomo wa chini, taratibu, bila kukandamiza, na ncha za ukingo ziguse pembeni mwa mdomo wa juu. Halafu inamisha mpaka maziwa yafike tu mdomoni, yaguse. Simama hapo.

Hapo ndipo pagumu. Kwa sekunde kadhaa hakuna kinachotokea. Atakutazama. Kisha ulimi utatoka, utaramba, utarudi ndani, uso utakunjamana kama aliyeonja ukwaju. Utatoka tena. Ukimtazama shingoni utaona anavyomeza. Akipumzika usikiondoe kikombe, kiache kimeinama vilevile, maziwa yamekaa mdomoni, aendelee akitaka. Bwana mdogo alikuwa akiramba mara tatu, anapumzika, anatazama dari, anarudi. Baada ya siku nne hivi aliacha kuramba akaanza kufyonza kwa midomo, na sauti yake ilikuwa ya mzee anayekunywa kahawa ya moto barazani. Tulicheka mpaka basi.

Akifunga mdomo au akigeuza uso, ametosheka. Usimbembeleze amalize. Mbeulishe, basi. Nusu saa ikipita hajamaliza, acha. Pengine mlo mmoja atakunywa kidogo na mwingine atafidia, kwa hiyo hesabu ya mchana kutwa na usiku kucha, si ya kikombe kimoja. Nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo kwa siku moja zinakupa jibu kuliko kipimo chochote. Na yatamwagika, hilo ulijue. Mara ya kwanza nilikamua mililita 60, nadhani zilizofika tumboni hazikuzidi 20, zilizobaki zilinywewa na kanga. Kuona maziwa uliyoyakamua alfajiri yakishuka shingoni kunauma, sidanganyi. Kwa hiyo siku za mazoezi kamua kidogo.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa kikwazo. Akininusa, anataka titi. Mbele yangu kikombe kilikuwa upuuzi. Bimkubwa akaniambia, "Toka nje, nenda hata sokoni." Nilipotoka, alikunywa nusu kikombe. Kwa hiyo atakayebaki naye ndiye afundishwe, na mapema. Kwetu ni bimkubwa na binti anayetusaidia kazi. Binti nilimfundisha kwanza kwa kunishikia kikombe mimi ninywe: nikamwambia asinimiminie, anisubiri. Akanimwagia kifuani mara mbili, akaelewa. Kwa mtoto hakukosea hata siku moja.

Kuhusu maziwa yenyewe nitasema kwa kifupi. Nawa mikono, kamua kwenye chombo safi chenye kifuniko. Kwa joto la Tanga siyaachi nje zaidi ya masaa manne. Kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Shuleni nayahifadhi, yakiwa ndani ya chombo chake, kwenye chupa ya chai niliyoijaza barafu, nayo inachekesha walimu wenzangu kila siku. Mafuta yakijitenga juu hayajaharibika, zungusha chombo taratibu. Ya baridi yapashe kwa kukiweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, usiyabandike jikoni. Yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa usiyarudishe kwenye chombo. Na usione haya kudai muda wako kazini: sheria ya ajira ya Tanzania Bara inampa mama anayenyonyesha mpaka jumla ya masaa mawili kwa siku. Mimi saa nne, wakati wa mapumziko, nilikuwa narudi nyumbani, anapata titi, kikombe kinasubiri mchana.

Mtoto aliyezaliwa njiti, au anayepaliwa kila anapokunywa, au anayehema kwa shida, usijifunzie kwake kwa kusoma. Mpeleke kliniki wakuonyeshe kwa macho.

Alipotimiza miezi 6 mambo yalirahisika. Anakaa mwenyewe, anaona wenzake wanakunywa, anataka. Pamoja na chakula nilimpa maji yaliyochemshwa, kina cha kidole kimoja tu kikombeni, nikamwacha akishike kwa mikono miwili nami nimeshika chini yake. Tulikaa uani kwenye mkeka, kifua wazi, akajimwagia apendavyo. Maji yana mbio, yakimshinda jaribu uji mwepesi uliopoa, unatembea polepole na humpa nafasi ya kufunga mdomo. Maziwa ya ng'ombe kuwa kinywaji chake cha kila siku nilisubiri mwaka utimie. Titi anaendelea nalo.

Sasa ana mwaka na miezi miwili. Tatizo tulilobaki nalo ni babu yake. Kila mzee akiketi barazani na kahawa yake, bwana mdogo anatambaa mpaka magotini kwake, anasimama, anadai kikombe chake. Mzee wa watu siku hizi anakunywa kahawa amesimama.